Mzunguko wa uwekezaji: asilimia 85 ya nini hasa?

Fungua ripoti ya mwaka ya mfuko wa uwekezaji wa pamoja, shuka mpaka kwenye jedwali la takwimu za miaka ya karibuni, na mara nyingi utakuta mstari wa kiwango cha mzunguko wa uwekezaji. Mbele yake kuna asilimia: 4, 38, 85, pengine 310. Hapo ndipo watu wanapopotea. Mmoja anaiona 85 anafurahi, akidhani ni faida. Mwingine anashtuka, akidhani asilimia 85 ya fedha za wenye vipande, yaani sehemu za umiliki wa mfuko, imeondoka. Na anayekutana na 310 anajiuliza kitu kinawezaje kuzidi asilimia mia moja ya kitu chenyewe.

Namba hiyo haisemi lolote kuhusu faida wala hasara. Inapima jambo moja: ndani ya miezi 12, meneja ameuza na kununua upya kiasi gani cha mali za mfuko, ukilinganisha na ukubwa wa mfuko wenyewe. Ni kipimo cha pilikapilika. Isichanganywe na mauzo ya kampuni kwa mwaka, wala na thamani ya hisa zote zilizouzwa sokoni kwa siku moja, ile inayosomwa kwenye habari za biashara. Hizo ni takwimu nyingine kabisa.

Chukua jengo lenye vyumba kumi vya kupangisha, vyote vina watu. Mwaka ukiisha, wapangaji wanne wamehama na wanne wapya wameingia, basi mzunguko wa jengo ni asilimia 40. Lakini hiyo 40 ina njia nyingi za kupatikana. Huenda vyumba vinne tofauti vimebadilisha mpangaji mara moja moja. Huenda chumba kimoja kimebadilisha mara nne na vile tisa havikuguswa. Chumba hicho kimoja kikibadilisha mpangaji kila mwezi, jengo zima litaandikiwa asilimia 120, ingawa wapangaji tisa hawajahamisha hata kijiko. Kwa hiyo asilimia 100 haimaanishi kwamba kila mtu ameondoka, na kupita 100 si kosa la hesabu.

Namba inavyopatikana

Kanuni inayotumika sana ni ile ya Marekani, iliyowekwa na tume inayosimamia masoko ya mitaji, SEC. Unajumlisha thamani ya manunuzi yote ya mwaka, unajumlisha thamani ya mauzo yote, unachukua iliyo ndogo kati ya hizo mbili, kisha unaigawa kwa wastani wa thamani ya mali za mfuko kwa mwaka huo. Wastani wenyewe hutokana na vipimo 13: thamani mwanzoni mwa mwezi wa kwanza, na thamani mwishoni mwa kila mwezi kati ya miezi 12. Dhamana, yaani karatasi za mkopo kama hatifungani, ambazo muda wake wa kuiva (kulipwa), siku zinaponunuliwa, hauzidi mwaka mmoja haziingizwi popote, si juu wala chini ya mstari. Hiyo ndiyo sababu mifuko inayoweka fedha kwenye dhamana za muda mfupi peke yake haina namba hii ya kuonyesha.

Tuseme wastani wa mali za mfuko ni milioni 200. Manunuzi ya mwaka ni milioni 130, mauzo milioni 90. Iliyo ndogo ni 90. Gawanya kwa 200, unapata asilimia 45.

Kwa nini iliyo ndogo? Kwa sababu fedha mpya zikiingia, meneja lazima anunue, na kununua kwa fedha mpya si kubadilisha mali za zamani. Katika mfano huu manunuzi yamezidi mauzo kwa milioni 40, na hizo ni fedha za wawekezaji wapya. Mwenye jengo akiongeza vyumba vitano na kuvijaza, hakuna mpangaji wa zamani aliyehama.

Sasa angalia shida inapoanzia. Wapo wachambuzi wanaochukua wastani wa manunuzi na mauzo badala ya iliyo ndogo: 130 na 90, nusu yake 110, gawanya kwa 200, asilimia 55. Na Ulaya kuna kanuni iliyopendekezwa na Tume ya Ulaya mwaka 2004 ambayo hujumlisha manunuzi na mauzo yote, ikatoa fedha zilizoingizwa na wawekezaji na zile zilizotolewa, ndipo ikagawanya kwa wastani wa mali. Tuseme waliojiunga walileta milioni 50 na waliojitoa walichukua milioni 10. Manunuzi na mauzo jumla ni 220. Toa 60, zinabaki 160. Gawanya kwa 200, unapata asilimia 80. Mfuko ni uleule, mwaka uleule, miamala ileile, na namba tatu: 45, 55 na 80. Kanuni hiyo ya Ulaya inaweza hata kutoa namba hasi, pale ambapo wanaoingia na wanaotoka ni wengi na meneja anatumia fedha za wanaoingia kuwalipa wanaotoka bila kugusa soko.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha mfuko wa nchi moja na wa nchi nyingine, tafuta maelezo madogo chini ya jedwali yanayosema kanuni gani imetumika. Kulinganisha bila kufanya hivyo ni kupoteza muda.

Ukipata asilimia, unaweza kuigeuza iwe muda: gawanya 1 kwa kiwango cha mzunguko. Asilimia 50 ni sawa na kushika hisa miaka 2 kwa wastani, asilimia 200 ni miezi 6, asilimia 5 ni miaka 20. Ni makadirio tu, na chumba kile kimoja kinachobadilisha watu kila mwezi kinatosha kukukumbusha kwa nini.

Gharama ambazo haziko kwenye ada

Mwekezaji makini huangalia ada ya mwaka ya mfuko. Akikuta asilimia 1 anaona ameshajua gharama zote. Hajazijua. Ada hiyo hulipia usimamizi, uhasibu, utunzaji wa dhamana na mambo ya namna hiyo. Gharama za kununua na kuuza zenyewe hukatwa moja kwa moja kwenye mali za mfuko na hazionekani ndani ya asilimia ile. Kiwango cha mzunguko ndicho dirisha rahisi zaidi alilonalo mtu wa nje la kuzichungulia, na kwa maoni ya makala hii ndiyo sababu kubwa ya kukisoma.

Gharama hizo zina tabaka. Ya juu ni kamisheni ya dalali pamoja na tozo za soko na kodi za muamala. Uingereza, kwa mfano, hutoza asilimia 0.5 ya thamani ya hisa nyingi mnunuzi anaponunua. Hii angalau huandikwa mahali.

Tabaka la pili ni pengo la bei. Kila hisa sokoni ina bei mbili kwa wakati mmoja: ya juu kabisa ambayo mnunuzi yuko tayari kulipa, na ya chini kabisa ambayo muuzaji yuko tayari kupokea. Mnunuzi akiwa anatoa 99 na muuzaji anataka 101, anayenunua sasa hivi na kuuza dakika moja baadaye amepoteza karibu asilimia 2 bila kampuni kufanya lolote jema au baya. Kwenye hisa za kampuni kubwa zinazouzwa kila sekunde, pengo ni dogo mno. Kwenye hisa za kampuni ndogo na hatifungani zisizouzwa mara kwa mara, linauma.

La tatu ni la mifuko mikubwa zaidi kuliko mtu binafsi: kujisukumia bei mwenyewe. Mfuko ukitaka hisa 500,000 za kampuni ambayo ni hisa zake 200,000 tu hubadilishana mikono kwa siku, utalazimika kununua kidogo kidogo kwa siku nyingi, na kila siku wauzaji wakigundua kuna mnunuzi mwenye njaa watapandisha bei. Siku ya kuuza mambo yanageuka: bei inashuka mbele yake. Hakuna risiti ya gharama hii. Ipo tu ndani ya matokeo.

Jumlisha tabaka zote uite gharama ya kwenda na kurudi, yaani kuuza kitu kimoja na kununua kingine mahali pake. Tuseme ni asilimia 0.8. Mfuko wenye mzunguko wa asilimia 120 kwa kanuni ya Marekani utapoteza 0.8 × 1.2, sawa na asilimia 0.96 kwa mwaka. Wenye mzunguko wa asilimia 10 utapoteza asilimia 0.08. Kama mali za mifuko yote miwili hukua asilimia 8 kwa mwaka kabla ya gharama hizi, basi 100 iliyowekwa leo itakuwa takriban 459 baada ya miaka 20 kwenye mfuko mtulivu, na takriban 390 kwenye ule wenye pilikapilika. Tahadhari kwa wanaopiga hesabu hii: kwa kanuni inayojumlisha manunuzi na mauzo pamoja, namba huhesabu kwenda na kurudi kama safari mbili, hivyo igawanye kwa mbili kwanza.

Kodi, pale inapotozwa

Hapa majibu hutegemea nchi. Singapore, kwa mfano, haitozi kodi kwenye faida ya mtaji, ile ya kuuza mali kwa bei ya juu kuliko uliyonunulia, kwa hiyo sehemu hii haimgusi mwekezaji wa huko kwa namna hiyohiyo. Marekani ndiko mzunguko unakoumiza waziwazi. Hisa iliyouzwa kwa faida baada ya kushikwa mwaka mmoja au chini yake hutozwa kama mapato ya kawaida, ambapo kiwango cha juu cha serikali kuu ni asilimia 37. Ikishikwa zaidi ya mwaka, viwango ni 0, 15 au 20. Meneja anayegeuza mali kila baada ya miezi sita anawapeleka wawekezaji wake kwenye fungu la kwanza.

Tena mwekezaji hahitaji kuuza kipande chochote ili adaiwe. Mfuko wa pamoja wa Marekani hugawa faida ulizovuna kwa kuuza hisa, kwa kawaida mwishoni mwa mwaka, na anayezipokea ndiye anayelipa kodi, hata kama amezirudisha kwenye mfuko kununua vipande zaidi. Aliyejiunga wiki moja kabla ya mgao anapokea faida iliyovunwa kabla hajaja; bei ya kipande inashuka kwa kiasi kilekile kilichogawiwa, hivyo hajapata kitu, ila kodi anadaiwa. Wazoefu huuliza tarehe ya mgao kabla ya kununua. Walio kwenye akaunti za kustaafu zinazoahirisha kodi hawahangaiki na hili, lakini gharama za kununua na kuuza bado ni zao.

Wengi hudhani kodi ni ileile, iwe imelipwa leo au kesho. Si hivyo. Weka 100 ikue asilimia 8 kwa mwaka kwa miaka 20, kodi ya faida ikiwa asilimia 15. Faida ikivunwa na kutozwa kila mwaka, ukuaji halisi unakuwa asilimia 6.8 na mwisho unabaki na takriban 373. Kodi ileile ya asilimia 15 ikisubiri mpaka mwaka wa 20, unabaki na takriban 411. Kiwango hakijabadilika, kilichobadilika ni kwamba fedha ya kodi ilikaa kwako ikikufanyia kazi.

Hata hivyo mzunguko mkubwa si lazima ulete kodi kubwa. Meneja anaweza kuwa anauza zilizopata hasara ili zifute faida za nyingine. Na mifuko inayouzwa sokoni kama hisa, kwa utaratibu wa Marekani, inaweza kuwapa mawakala wakubwa hisa zenyewe badala ya fedha wanaporudisha vipande. Hisa zikitoka hivyo, mfuko hautozwi faida ya mtaji. Mzunguko unaweza kuonekana na mgao wa faida usiwepo kabisa.

Kiasi gani ni kingi?

Swali hili huulizwa kana kwamba kuna mpaka mmoja. Hakuna. Kuna kazi ambayo mfuko umejipa, na mzunguko unaoendana na kazi hiyo.

Mfuko unaofuata fahirisi (orodha ya hisa ambayo mfuko huiiga) pana ya kampuni kubwa za Marekani, kama S&P 500, huwa na asilimia chache tu. Si sifuri, kwa sababu fahirisi yenyewe hubadilika. Tesla ilipoingizwa kwenye S&P 500 mnamo Desemba 21, 2020, ilikuja na uzito wa karibu asilimia 1.7. Kila mfuko unaoifuata ulilazimika kupunguza kidogo kidogo kampuni nyingine zote ili upate fedha ya kuinunua. Fahirisi za kampuni ndogo zina mzunguko mkubwa zaidi, maana kampuni ikikua inahamishwa na ikidorora inaondolewa: mfuko unalazimika kuuza washindi wake.

Mfuko wa hisa unaochaguliwa na meneja, akisema ananunua biashara nzuri na kuzishika muda mrefu, ungetarajiwa kuwa chini ya asilimia 30 au hivi. Anayefuata hisa zinazopanda kwa kasi anaweza kupita 100 bila kumdanganya mtu, maana hiyo ndiyo mbinu yake.

Hatifungani ndizo huwachanganya watu zaidi. Mfuko wa hatifungani ukionyesha asilimia 250, msomaji anadhani meneja ni mcheza kamari. Lakini kwa kanuni ya Marekani, hatifungani iliyoiva au iliyokombolewa mapema huhesabiwa kama mauzo, ingawa hakuna aliyeiuza. Juu ya hapo, mifuko inayoshughulika na dhamana zitokanazo na mikopo ya nyumba mara nyingi hununua mikataba ya kupokea dhamana hizo mwezi ujao, kisha muda ukikaribia huuza na kununua wa mwezi unaofuata. Kila mwezi hesabu inapanda, na ukionacho kwenye mfuko hakijabadilika sana. Usiulinganishe mfuko wa hatifungani na wa hisa kwa namba hii. Kamwe.

Imani zinazopotosha

Iliyoenea kuliko zote ni kwamba meneja anayenunua na kuuza sana anafanya kazi, na anayetulia analala. Mwaka 2000 watafiti wawili, Brad Barber na Terrance Odean, walichapisha uchambuzi wa kaya 66,465 za Marekani zilizokuwa na akaunti kwa dalali mmoja wa bei nafuu kati ya 1991 na 1996. Kaya zilizonunua na kuuza zaidi zilipata asilimia 11.4 kwa mwaka. Soko katika kipindi hicho lilitoa 17.9. Lenye mafunzo zaidi ni kwamba kabla ya kutoa gharama, waliouza sana na waliotulia hawakutofautiana sana. Hawakuwa wachaguzi wabaya wa hisa. Walikula faida yao kwa kamisheni na pengo la bei.

Kwa mameneja wenye taaluma picha haijanyooka hivyo. Mwaka 1997 mtafiti Mark Carhart alionyesha kwamba mifuko yenye mzunguko mkubwa ilielekea kuwa na matokeo hafifu zaidi. Miaka 20 baadaye, mwaka 2017, Ľuboš Pástor, Robert Stambaugh na Lucian Taylor walitazama swali kwa upande mwingine: mfuko uleule, ukinunua na kuuza zaidi ya kawaida yake, hufanyaje baadaye? Walikuta kwamba hufanya vizuri zaidi. Hayo hayapingani. Meneja anayejua anachofanya huchangamka anapoona nafasi. Anayechangamka siku zote analipa gharama hata nafasi isipokuwepo.

Imani nyingine: kwa kuwa programu za simu hazitozi kamisheni, kununua na kuuza ni bure. Kamisheni zilizopangwa kwa lazima Marekani zilifutwa Mei 1, 1975, na Oktoba 2019 madalali wakubwa wa huko wakazishusha hadi sifuri kwa hisa za ndani. Pengo la bei halikufutwa. Kodi haikufutwa. Kilichoondoka ni ile gharama iliyokuwa ikionekana, ambayo angalau ilimfanya mtu asite kabla ya kubonyeza.

Na kuna imani ya upande wa pili, kwamba namba ndogo ni alama ya usalama. Rudi kwenye kanuni ya iliyo ndogo kati ya mbili. Mfuko wenye wastani wa mali milioni 150 umekimbiwa na wawekezaji. Meneja ameuza za milioni 120 kuwalipa na amenunua za milioni 5 tu. Iliyo ndogo ni 5. Mzunguko unaandikwa asilimia 3.3, tulivu kama mfuko wa fahirisi, wakati nyumba inaungua. Namba hii lazima isomwe pamoja na mstari wa jumla ya mali za mfuko mwaka hadi mwaka. Vilevile mfuko usiogusa chochote unaweza kuacha hisa moja ikakua mpaka ikawa theluthi ya kila kitu, na hiyo ni hatari ambayo kiwango cha mzunguko hakiioni.

Kuisoma na kuitumia

Usisome mwaka mmoja. Taarifa za fedha za mifuko ya Marekani huonyesha miaka mitano kwenye jedwali la takwimu. Mfululizo wa 35, 32, 38, 110, 36 una hadithi kwenye ule mwaka wa nne: meneja mpya aliyesafisha mali za mwenzake, mifuko miwili iliyounganishwa, au soko lililoporomoka. Mruko mmoja wenye maelezo si tatizo. Mfuko unaojitangaza kuwa wa subira huku ukionyesha 90, 105, 98 mwaka baada ya mwaka ndio wa kuuliza maswali, kwa sababu maneno ya mauzo na matendo ya meneja yamepishana.

Kwa mali zako mwenyewe, chukua taarifa za dalali za miezi 12. Jumlisha manunuzi, jumlisha mauzo, andika thamani ya mwisho wa kila mwezi, kisha fuata kanuni ileile. Watu hukosea kwa kuhesabu fedha walizoweka kwenye akaunti kama manunuzi, au kuhesabu hisa walizohamisha kutoka kwa dalali mmoja kwenda kwa mwingine kama mauzo. Gawio linalonunua vipande vipya lenyewe huongeza upande wa manunuzi, lakini kwa kuwa unachukua iliyo ndogo, halitakuharibia jibu mradi manunuzi yako yamezidi mauzo.

Ukikuta umevuka asilimia 50 na hukumbuki sababu ya nusu ya miamala, angalia kwanza jinsi unavyorudisha mgawanyo wako. Anayetaka asilimia 60 ya hisa na 40 ya hatifungani hahitaji kurekebisha kila mwezi. Anaweza kuacha mpaka hisa zivuke 65 au zishuke chini ya 55, na hata hapo aanze kwa kuelekeza fedha mpya na gawio upande uliopungua kabla ya kuuza chochote. Mara nyingi hiyo pekee inatosha kurudisha mizani kwa mtu anayeendelea kuweka akiba.

Kabla ya kubadilisha hisa moja kwa nyingine, piga hesabu ya kizingiti. Hisa uliyonunua kwa 60 sasa ina thamani ya 100. Kodi ya asilimia 15 kwenye faida ya 40 ni 6, gharama za kuuza na kununua ni 1. Zinabaki 93 za kuingiza kwenye hisa mpya. Hisa hiyo lazima ipande karibu asilimia 7.5 ili urudi ulipokuwa. Usiipandishe chumvi hesabu hii, lakini: ile 6 ungeilipa siku moja hata hivyo, kwa hiyo hasara halisi ni ile 1 pamoja na faida ambayo ile 6 ingekuzalishia kama ingebaki. Ukiamini kwa dhati kwamba hisa ya zamani inaharibika, kung'ang'ania kwa kuogopa kodi ni kosa la gharama kubwa zaidi.

Jambo la mwisho linahusu mifuko inayowekeza ndani ya mifuko mingine, kama ile inayolenga mwaka wa kustaafu. Namba inayoandikwa hapo ni ya meneja wa juu tu, anapohamisha fedha kutoka mfuko mmoja wa ndani kwenda mwingine, na inaweza kuwa asilimia 10 huku mifuko ya ndani ikizunguka kwa 90. Ili upate picha, chukua orodha ya mifuko ya ndani na uzito wa kila mmoja, zidisha uzito kwa kiwango chake cha mzunguko, jumlisha, kisha ongeza ile 10 ya juu.